Vumbi linalocheza kwenye mwale wa jua, ni fotoni zinalisukuma? Na mwendo wa kusababishwa na mwanga unaitwaje?

mtu_wa_ghalani (Mtwara)

Wakuu habari za jioni. Nina swali la fizikia ila limeanzia kwenye magunia, msinicheke.

Nabeba mizigo kwenye ghala moja la korosho hapa mjini, msimu ndio umefunguka, magari yanashusha toka asubuhi. Bati la ghala lina matundu ya misumari ya zamani, na mwezi huu wa kumi jua huku kwetu linapita utosini kabisa, ikifika saa sita na dakika kidogo miale inashuka wima kama timazi la fundi. Chini sakafuni kila tundu linatoa kiduara cha mwanga, hata tundu lililochanika pembe tatu kiduara chake kinabaki duara, hilo nalo sijui kwanini ila tuliache.

Leo tumekaa juu ya magunia tunasubiri wali, nikawa naangalia vumbi ndani ya mwale mmoja. Halitulii. Linapanda, linajikunja, linashuka kidogo afu linapanda tena, na nje ya mwale huoni kitu kabisa. Mwenzangu mmoja ambaye alifika kidato cha nne (na hapitishi siku bila kutukumbusha) akasema ule ni mwanga unapiga vumbi, eti mwanga una vichembe vinaitwa fotoni, vinagonga vumbi ndio maana linarukaruka. Mimi nikamwambia mwanga hauna uzito, utamsukuma nani? Na kama unatoka juu mbona vumbi lingine linaenda juu? Tukabishana mpaka wali umepoa. Tumewekeana, atakayeshindwa ananunua chai na ming'oko (vile viazi vya porini vya huku kwetu) wiki nzima.

Sasa naomba kujua, fotoni ndio nini hasa na ina neno la Kiswahili? Na huu mwendo unaosababishwa na mwanga una jina lake? Mdogo wangu yuko kidato cha tano nilimpigia akanitajia fotoforesi, fototaksi, fototropizimu, nikamwambia mbona hayo majina ya dawa za minyoo.

dagaa_wa_kilwa

Mkuu mwanga unasogeza vitu bila ubishi, njoo baharini usiku nikuonyeshe. Sisi tunaenda kipindi cha giza, mbalamwezi ikiwa kali tunakaa nyumbani kushona nyavu. Mkifika mnawasha taa, zamani zilikuwa karabai sasa hivi ni taa za betri, mnatulia. Baada ya muda unaona maji yanaanza kuchemka chini ya taa, dagaa hao, wanazunguka duara duara kama wamefungwa kamba. Ukisogeza taa taratibu nao wanasogea. Hapo nani kawavuta kama sio mwanga? Mwenzako kashinda, lipa ming'oko.

FundiSola_Masasi

Naunga mkono hoja. Mimi nafunga sola, kila siku naona mwanga unafanya kazi, jua likipiga paneli umeme unatembea, wingu likipita mita inashuka hapo hapo. Afu kuna kitu nilikiona Dar kwenye duka la mapambo, kama globu ya taa lakini ndani kuna kipangaboi kidogo, mabapa manne kwenye ncha ya sindano, kila bapa upande mmoja mweusi mwingine unang'aa. Ukikiweka dirishani kinazunguka chenyewe, hakina betri hakina waya. Muuzaji akaniambia hizo ni fotoni zinasukuma. Kwahiyo mtu wa ghalani pole sana, umeshapigwa.

mwl_mstaafu_Lindi

Vijana mmeshampa hukumu mtu wa ghalani kabla ya kesi kusikilizwa. Nimefundisha fizikia miaka mingi, ngoja nijaribu, mtanivumilia maana ni ndefu.

Kwanza jina. Fotoni ni fotoni, kamusi zetu nazo zinaandika hivyohivyo, ukitaka kuifafanua sema chembe ya mwanga na utaeleweka. Inatoka kwenye neno la Kigiriki la nuru, hilohilo lililomo kwenye fotokopi. Mwanga hauji kama maji ya bomba yasiyokatika, unakuja kwa vipande, kila kipande kina kiasi chake cha nishati, huwezi kupata nusu kipande. Planck alianza kuhesabu nishati kwa vipande mwaka 1900, Einstein 1905 akasema mwanga wenyewe ndio uko hivyo. Wakati huo hakukuwa na neno fotoni. Jina lilishika baada ya mkemia mmoja wa Marekani, Gilbert Lewis, kuliandika mwaka 1926, na kichekesho ni kwamba wazo lake alilotaka kulibandika jina hilo lilikufa, jina likachukuliwa na wengine likaishi.

Ni vidogo kiasi gani? Taa inayotoa wati 1 tu ya mwanga wa kijani inamwaga fotoni kama bilioni bilioni mbili na nusu kila sekunde. Andika 25 afu weka sifuri 17.

Sasa hapa ndipo mnapochanganya. Mwanga unaleta mwendo kwa njia nyingi na kila njia ina jina lake, mmezitia zote kwenye gunia moja kama korosho daraja la kwanza na la pili, afu mnashangaa bei mbaya.

Ndugu yangu wa Kilwa, dagaa hawasukumwi wala hawavutwi. Dagaa ana macho, anaona taa, anaamua kuogelea kwa nguvu zake mwenyewe, wengine wanafuata vidudu vya kula vinavyojaa pale kwenye mwanga. Hiyo ndiyo fototaksi, kiumbe kinajisogeza kuelekea mwanga au kuukimbia. Kumbikumbi wakati wa mvua, hiyo. Mende ukiwasha taa jikoni, hiyo nayo, ila kwa upande wa kukimbia. Dagaa aliyekufa mwekee hata taa mia, hasogei. Fototropizimu ni ndugu yake lakini ya mimea, angalieni miche ya mikorosho iliyowekwa chini ya banda lenye uwazi upande mmoja, yote inapinda shingo kuelekea uwazi. Haihami, inakua huku imepinda, upande wa kivulini unarefuka kuliko upande wa mwangani.

Fundi, sola yako ni jambo lingine tena. Pale fotoni inazama ndani ya paneli, inaiachia elektroni (kichembe kidogo kinachobeba umeme) nishati yake, elektroni inatoka mahali pake na inaanza safari. Ni mwendo kweli umeletwa na mwanga, na hapa fotoni moja inahudumia elektroni moja, lakini kinachotembea ni elektroni, paneli yenyewe imetulia juu ya paa. Jamaa wa karibu wa jambo hilo, mwanga kung'oa elektroni kwenye metali, ndilo lililompa Einstein Nobeli ya 1921. Wengi wanadhani ni ile nadharia yake ya uhusianifu (relativity), hapana.

Na kile kipangaboi cha kwenye globu kinaitwa radiomita, alikitengeneza Mwingereza William Crookes mwaka 1873. Muuzaji wako kakudanganya ila asilaumiwe sana, Crookes mwenyewe mwanzoni alidhani hivyo. Nikuulize fundi, ulipokiangalia, upande upi ulikuwa unarudi nyuma kuukimbia mwanga, mweusi au unaong'aa?

FundiSola_Masasi

Shikamoo mwalimu. Mweusi ndio ulikuwa unarudi nyuma, nakumbuka vizuri kwasababu nilikaa pale mpaka muuzaji akaanza kuniuliza nanunua au sinunui.

mwl_mstaafu_Lindi

Marahaba. Basi umejijibu mwenyewe. Chukua mpira urushe ukutani, unadunda na kurudi, ukuta umepata pigo la kuusimamisha mpira na pigo la kuurudisha. Chukua bibo lililoiva urushe ukutani kwa kasi ileile, linapasuka na kunata, ukuta umepata pigo la kusimamisha tu. Upande unaong'aa unadundisha mwanga, mweusi unameza. Kwahiyo kama fotoni ndizo zingekuwa zinasukuma, unaong'aa ungepata msukumo mara mbili na ndio ungerudi nyuma. Wewe umeona kinyume.

Kinachozungusha ni hewa. Ndani ya ile globu wamepunguza hewa lakini hawakuimaliza. Upande mweusi unapata joto zaidi, vimolekuli vya hewa vinaukimbilia na kusukumana nao, hasa pembeni mwa bapa, Osborne Reynolds alilieleza mwaka 1879. Ukiiacha hewa yote ndani hakizunguki, ukiitoa yote kabisa nacho kinasimama. Kinataka hewa kidogo tu.

Na hapo ndipo fotoforesi inapoingia, ile dawa ya minyoo ya mdogo wako. Foresi ni kubebwa. Ni mchezo uleule wa radiomita lakini kwa chembe ndogo zinazoelea, vumbi laini au masizi. Mwanga mkali unapasha upande mmoja wa chembe, hewa ya upande wa joto inaigonga kwa nguvu zaidi, chembe inasogea. Mara nyingi inaukimbia mwanga, lakini kuna chembe za kupitisha mwanga ambazo zinaukusanya mgongoni kama lenzi, mgongo ndio unapata moto, basi zenyewe zinaufuata mwanga! Felix Ehrenhaft wa Vienna alizichunguza sana hizi mwanzoni mwa karne iliyopita.

Mtu wa ghalani, lile duara sakafuni ni picha ya jua. Tundu dogo juu sana, jua ni duara, basi hata tundu liwe na sura gani kinachofika chini ni sura ya jua. Siku jua likipatwa nusu angalia sakafu ya ghala lenu, vitakuwa viduara vyote vimemegwa.

mtu_wa_ghalani

Shikamoo mwalimu na asante sana, nimesoma mara mbili. Ila bado hujasema vumbi LANGU linachezeshwa na nini, na kuna kitu sijaelewa, kwahiyo fotoni inasukuma au haisukumi? Maana umemkatalia fundi ila mfano wa mpira na bibo ni kama umekubali kwamba inasukuma.

binti_nachingwea

Ngoja nidandie, mwalimu samahani. Nasoma fizikia chuo mwaka wa pili.

Inasukuma kaka. Kidogo mno lakini inasukuma. Kinachotutesa ni kwamba sekondari tulikariri momenta, yaani kile kishindo cha kitu kinachokwenda, ni tungamo (masi) mara kasi, sasa fotoni haina tungamo, mtu anasema basi momenta sifuri. Kwa mwanga hesabu ni nyingine, unachukua nishati unagawa kwa kasi ya mwanga. Kasi ya mwanga ni karibu kilomita laki tatu kwa sekunde, ukigawa kwa namba kubwa hivyo unabaki na kitu kiduchu sana. Mwanafizikia Maxwell wa Uskoti alishasema kwa hesabu zake kwamba mwanga unakandamiza unapotua, ila mtu wa kwanza kuupima msukumo wenyewe ni Mrusi Pyotr Lebedev, kule Moscow, matokeo akayatoa 1901. Kazi kubwa aliyokuwa nayo ni kupambana na ile hewa ya radiomita isimharibie kipimo.

Tuliambiwa tuite kanieneo ya mnunurisho. Mimi nikiwa na bibi nasema presha ya mwanga na anaelewa, nikisema kanieneo ananiuliza ndio nani. Hili la maneno linaniudhi kidogo, shule ya msingi tulisoma sayansi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wakatubadilishia lugha, yale maneno yakabaki kwenye daftari la darasa la saba. Ndio maana mtu wa kidato cha nne anajua fotoni lakini hajui kuielezea kwenye magunia.

Haya twende kwenye bati lenu. Jua la utosini, bati jipya linalong'aa kama kioo, mita 1 mraba inapata msukumo ambao ni chini ya uzito wa miligramu 1. Mbu ana kama miligramu 2. Yaani tukisema ghala lenu lina paa la mita za mraba 1,000, jua lote la saa sita linalikandamiza paa zima kwa uzito ambao haufiki gramu 1, na korosho ghafi moja ina kama gramu 5. Paa zima!

Vumbi sasa. Nimepiga hesabu ya punje yenye upana wa sehemu ya mia ya milimita, uzito wake unaushinda msukumo wa jua mara makumi elfu. Na hiyo punje ikiachiwa kwenye hewa iliyotulia inashuka milimita chache tu kwa sekunde. Chochote kinachosogeza hewa kuliko hapo kinaibeba, pumzi yenu, mtu akitupa gunia, sakafu iliyopata joto inapandisha hewa juu. Mwale hauchezeshi vumbi kaka, unalionyesha tu. Nje ya mwale linacheza vilevile ila hulioni.

Na fotoforesi kwa punje kubwa kama hizo na jua la kawaida inamezwa na upepo, kuiona vizuri mpaka uzuie hewa isitembee na uweke mwanga mkali, leza kwa mfano.

dagaa_wa_kilwa

Sasa kama ni kidogo kuliko mbu inatusaidia nini, si tuiite sifuri tu tuendelee na maisha

binti_nachingwea

Hahaha kaka, huku chini sawa iite sifuri. Lakini juu kule ambako hakuna hewa wala msuguano, kidogo kikisukuma kila sekunde usiku na mchana kinajilimbikiza. Wajapani walirusha chombo kinaitwa IKAROS Mei 2010, wakakitandikia tanga la mita 14 kwa 14, jembamba kuliko unywele, na mwanga wa jua ukakisukuma kweli wakaupima, kama milinewtoni 1, sawa na uzito wa sehemu ya kumi ya gramu. Wewe ni mtu wa tanga utanielewa, hakuna tofauti na mashua isipokuwa upepo wenyewe ni fotoni. Na mkia wa kimondo chenye mkia, ule wa vumbi, siku zote unalala upande wa mbali na jua kwasababu hiyohiyo, Kepler alishahisi hivyo miaka ya 1600.

Afu kuna Arthur Ashkin, Mmarekani, yeye alibana mwanga wa leza ukawa mkali kiasi cha kushika punje ndogo na hata bakteria hai bila kuwagusa, tuseme kibano cha mwanga. Alianza mwaka 1970, Nobeli akapewa 2018 akiwa na miaka 96.

dagaa_wa_kilwa

Tanga la jua. Hapo sasa umenipata dada. Ila likikatika nani anaenda kulishona?

FundiSola_Masasi

Mwalimu na dada asanteni. Nimerudi nyuma kidogo, nafuta kura yangu. Ila nina ubishi mmoja mdogo, vipi yale matetemeko ya vumbi yasiyoisha yanayoitwa mwendo wa Brown? Si tulisoma darasani kwamba vumbi linagongwa na molekuli?

mwl_mstaafu_Lindi

Swali zuri. Robert Brown mwaka 1827 aliangalia kwenye hadubini vichembe vilivyotoka kwenye chavua, ndani ya maji, vinatetemeka. Vile ni vidogo mno na kutetemeka kwake ni kwa papohapo, hakuna safari. Vumbi unaloliona kwa macho ghalani ni kubwa, na linasafiri kwa makundi, linajikunja pamoja kama moshi. Ukiona punje jirani zinaenda upande mmoja, huo ni mkondo wa hewa. Kwahiyo na huyo Brown mwache apumzike.

Mtu wa ghalani usimbishie mwenzako kwa maneno yetu, hatakubali, namjua mtu wa namna hiyo nimewafundisha wengi. Chukua chupa ya maji ya plastiki iliyo kavu, tia vumbi kidogo la gunia, funga kifuniko, tikisa, isimamishe kwenye mwale. Mkae muangalie.

mtu_wa_ghalani

Nimerudi. Tumefanya leo saa sita na nusu kasoro, mwale ulikuwa umeanza kulala kidogo lakini unapita kwenye chupa vizuri. Wabebaji wote walikusanyika, hadi karani wa mizani akaacha daftari lake.

Mwanzo chupa ilikuwa imejaa vumbi linazunguka kwelikweli, mwenzangu akaanza kucheka, mnaona fotoni hizo. Nikamwambia tulia. Baada ya dakika kama tano vumbi karibu lote limelala chini ya chupa, zimebaki punje mbili tatu zinashuka pole pole. Mwale bado unapita kati ya chupa. Na nje ya chupa, shubiri moja tu pembeni, vumbi linacheza kama kawaida ndani ya mwale uleule.

Akanyamaza kwanza. Afu akasema plastiki imezuia fotoni. Karani akamuonyesha sakafuni upande wa pili wa chupa, mwanga umetua pale, umepindapinda kidogo ila upo, akamuuliza huu umepitia wapi? Watu wakapiga makelele.

Nikamwambia hata hivyo nusu umepata, fotoni zipo na zinasukuma kweli, ila paa lote hili haifiki korosho moja. Hiyo ya korosho moja ndio imemuuma zaidi, akachukua korosho kwenye gunia akawa anaipima mkononi anaangalia juu kwenye bati.

Kesho anaanza kulipa. Ming'oko leo sokoni sijaiona, kasema atanunua mihogo, nimekubali.